Soksi Ndani ya Saa ya Jua

“Hiyo saa ya kompyuta ikitoka bila mimi kuwemo ndani yake, hizi sharubu nazinyoa mbele yenu wote!”

Kajodmal Saini aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, tena kipaza sauti cha kupora, mchana kweupe, kwenye karamu ya uchumba wa binti wa shemeji yake. Wageni walikuwa wameshika sahani za dengu za dal na mikate ya baati, samli inawateremka hadi viwikoni, na wote wakaacha kutafuna. Sharubu za Kajodmal hazikuwa za kutajwa hovyo karibu na neno wembe. Zilikuwa nene, nyeusi kwa msaada wa rangi ya dukani, ncha zimesokotwa mpaka zikakaribia masikio. Watalii waliokata tiketi kuja kuona Samrat, saa ya jua ya karibu karne tatu aliyoilinda, walikuwa wanaipa saa kisogo ili wapige picha sharubu.

Aliyemchokoza mpaka akafika huko ni mwenye karamu mwenyewe, Ramavtar, mdogo wa mkewe. Ramavtar ana duka la zawadi za watalii pale Tripolia, mjini Jaipur, na ni mtu ambaye hawezi kukuambia habari njema bila kuichovya kwanza kwenye pilipili.

“Jamani, kuna jingine la kufurahia,” alikuwa ametangaza. “Wataalamu wanakuja kutoka Pune kuichukua Samrat yetu yote, kila jiwe na kila mstari, waiingize kwenye kompyuta. Mtu wa Kanada atajilaza kitandani kwake na kuizunguka saa yetu kwa kidole. Na visanamu vyake atauza nani? Mimi!” Watu wakapiga makofi. Angeishia hapo. “Sasa shemeji yangu huyu, anailinda saa hiyo miaka na miaka, sijui atafanya kazi gani. Maana saa ya kompyuta haihitaji mtu wa kuilalia.”

Walicheka mpaka wapishi. Ndipo Kajodmal alipoinuka, akapora kipaza sauti, na kuweka rehani uso wake.

“Mmesikia wote?” Ramavtar alidakia, macho yanang'aa. “Basi na mimi, shemeji akionekana humo ndani, nazinyoa zangu!”

Hiyo ilikuwa ahadi rahisi. Sharubu za Ramavtar zilikuwa kama mstari wa penseli uliochorwa na mtu aliyeitwa katikati ya kazi.

Jioni ile nyumbani, mkewe Kajodmal, Dhapu, alimwekea chai mbele bila kumtazama.

“Baba Manju,” alisema, “kwani ulikuwa hujashiba?”

“Nilishiba.”

“Sasa mdomo ulikuwa wazi wa nini?”

Tuseme jambo kuhusu hilo “Baba Manju.” Dhapu ni mwanamke wa kizazi na ukoo usiotaja jina la mume. Tangu siku ya harusi, jina la Kajodmal lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mwake. Kabla binti yao Manju hajazaliwa alimwita “sikia,” au “wewe wa huko,” au alikohoa tu. Safari moja karani wa zahanati alimkazania aseme jina la mume ili amwandikie dawa, na Manju hakuwepo wa kumsemea. Dhapu akanyoosha kidole kwenye ndoo ya taka. Kajod kwa lugha ya nyumbani kwao ni takataka. Mama yake Kajodmal alizika watoto wawili kabla yake, akampa wa tatu jina baya makusudi ili kifo kimpite kikiziba pua. Hila ilifanya kazi. Lakini karani yule hakuwa wa kwao, hakuelewa, akamwandikia Dhapu dawa ya kutapika.

Kazi ya Kajodmal ilikuwa kuzuia watu wasipande ngazi za Samrat na wasikwangue majina ya wapenzi wao ukutani. Samrat ni ukuta wa mawe wenye umbo la pembetatu, mrefu kama jengo la ghorofa nane, na huku na huku una utepe wa marumaru uliopinda kama ubavu wa ng'ombe. Kivuli cha ukuta kikitambaa juu ya marumaru, mistari inakutajia saa. Kajodmal alililinda dude hilo kwa filimbi, akiwa amekaa. Na kukaa ndiko kulikokuwa kipaji chake. Mfalme aliyejenga Samrat alikuwa na hesabu zake, Kajodmal alikuwa na kiti cha plastiki.

Wakati wa baridi alitaka miguu iwe juani na kichwa kiwe kivulini, basi. Si kidogo juani, si kidogo kivulini: mpaka ulitakiwa upite magotini. Kwa kuwa kivuli cha Samrat hakisimami, na kiti nacho hakikusimama. Kila kivuli kikisogea, Kajodmal alikamata kiti kwa mikono miwili nyuma yake, akakiinua pamoja na makalio, akapiga hatua moja ya kobe, akakaa tena bila kufumbua macho. Waongoza watalii walikuwa wanamtumia. “Kajodmal yuko wapi? Karibu na mti wa mwarobaini? Haya, twendeni chai, saa nne imefika.”

Watu wa Pune walifika Januari, asubuhi yenye ukungu. Mkuu wao alikuwa Madamu Sulochana Deshpande, mwanamke mfupi mwenye kofia pana na sauti ya kuwahamisha njiwa. Mpiga picha wake aliitwa Yugal, kijana mwembamba aliyebeba kamera kwenye ufito mrefu kama anakwenda kuangua maembe.

“Mzee,” Madamu alimwambia Kajodmal, “tunafanya kazi asubuhi kabla geti halijafunguliwa. Kivuli kikigusa mstari huu tunaanza, kikigusa ule tunaacha. Kila siku hivyo hivyo, maana kompyuta haipendi kivuli kinachohamahama. Kazi yako moja tu. Mtu yeyote asiingie kwenye picha.”

“Yeyote?”

“Yeyote.”

“Hata nzi hapiti,” alisema Kajodmal, na moyoni alishahesabu kwamba yeye si yeyote.

Kesho yake alikuja na kilemba cha rangi tano cha harusini, koti la vifungo vya shaba, na sharubu zilizopakwa mafuta mpaka zikawa zinateleza kwa kutazamwa. Yugal alipoanza kupiga, Kajodmal akajitokeza kwenye ngazi, mkono kiunoni. Yugal akahamia upande wa pili. Kajodmal akamtangulia, akachungulia kutoka nyuma ya marumaru kama bibi arusi. Siku ya tatu alikutwa juu kabisa, kwenye kibanda cha kileleni, anapunga mkono.

“Mzee, unatafuta nini huko?” Yugal alipaza sauti.

“Nalinda!”

“Huko juu?”

“Wezi wa siku hizi wanaruka!”

Lakini Kajodmal alikuwa hajasimama muda mrefu kiasi hicho tangu siku ya harusi yake, ambayo nayo alikaa sehemu kubwa juu ya farasi. Akishapiga mikao yake mitatu minne, magoti yanagoma. Basi anarudi kwenye kiti. Anavua kilemba anavaa kofia ya sufu, anajifunika shali nyekundu, anavua viatu, ananyoosha miguu juani na soksi zake, anafumba macho. Huo haukuwa mkao wa picha. Hayo yalikuwa mapumziko baada ya picha. Na kwa kuwa kivuli kilikuwa pale pale palipokuwa jana saa zile zile, kiti nacho kilikuwa pale pale, na miguu pale pale, na kidevu kimeanguka kifuani vile vile. Yugal alimzunguka na ufito wake mpaka akaacha kumwona, kama mtu anavyoacha kuona kabati la nyumbani kwao.

Siku ya mwisho, wakati wanafunga mizigo, Kajodmal alimsogelea akisokota ncha ya sharubu.

“Mwanangu, nimetoka vizuri?”

“Umetoka wapi?”

“Kwenye picha, wapi tena!”

“Aaa, mzee, usihofu kabisa.” Yugal alimpiga bega kwa upole. “Umefutwa.”

“Nimefanywaje?”

“Kompyuta inafuta yenyewe. Inalinganisha maelfu ya picha. Kitu kikiwepo hapa kisha pale hakipo, inajua si jiwe, inakitupa. Njiwa, nyani, wafagiaji, wote wamekwenda. Kinachobaki ni kile kisichosogea.”

“Kila kinachosogea?”

“Chote.”

“Hata… kilemba cha rangi tano?”

“Mzee, hicho ndicho cha kwanza.”

Kajodmal alirudi nyumbani na kilemba mkononi kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake aliomba ushauri.

“Mwambie Ramavtar ulikuwa unatania,” alisema Dhapu.

“Kwenye kipaza sauti? Ukoo mzima? Mpaka wapishi?”

“Basi zinyoe. Nywele zinaota.”

“Zinaota! Baba yangu amekufa na zake, babu yangu amekufa na zake. Nikitoka pale mlangoni bila hizi, hata mbwa wa mtaa hatanijua.”

Dhapu aligeukia kikapu cha nguo. Alichukua soksi ya mumewe, ile ya kijivu yenye tundu la kidole gumba alilolishona mwaka juzi kwa uzi wa kijani kwa sababu wa kijivu ulikwisha, akaona ushonaji bado umekaza, akaikunja, akairudisha kikapuni. Kila mtu ana namna yake ya kupitisha mawazo.

Majuma kadhaa yakapita. Kazi ya kusafisha hiyo Samrat ya kompyuta na kufuta mabaki ilifanyiwa huko huko Pune, na vijana ambao Jaipur waliijua kwa kuisikia. Kabla ya siku ya uzinduzi, Ramavtar alimwita Kajodmal dukani, kwa wema ule wa mtu anayetaka kukukanyaga polepole.

“Njoo uone, shemeji. Wamenipa mapema nichapishe visanamu, siku ya uzinduzi duka liwe tayari. Nimejaza stoo mpaka darini.”

Kilikuwa kisanamu cha kukaa kiganjani, kigumu, rangi ya mchanga, kimetoka kwenye mashine na ngazi zake zote na kibanda chake cha juu. Kajodmal alikigeuza huku na huku akijitafuta ngazini. Hayupo. Kileleni hayupo. Nyuma ya marumaru hayupo. Ila chini, mguuni mwa ukuta, palikuwa na kijinundu kama punje ya dengu.

“Hiki nini?”

“Shemeji!” Ramavtar alishika kichwa. “Umekaa pale maisha yako yote hujui? Hapo ndipo alipokuwa anakaa Maharaja kutazama nyota. Wazungu nimewauzia kadhaa, nikiwaambia hivyo wanalia.”

Sasa Kajodmal angesema nini? Aseme hajui?

“Aaa, hapo!” alisema. “Kiti cha Maharaja. Nilidhani unasema hapa kwa upande. Hapo pako vile vile, mimi napapangusa kila siku.”

“Fundi Gordhan nimeshamwambia,” Ramavtar alisema akikirudisha kisanamu kwenye kasha. “Atakuja ukumbini na wembe mpya. Kwako wewe sitaki wa kurudia.”

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mbele kabisa alikaa mgeni rasmi, bwana mmoja mkubwa wa mwili na wa cheo, shada la maua limemfika kidevuni. Ukoo wa Dhapu ulichukua safu mbili nzima, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwa ajili ya elimu ya nyota. Nyuma kabisa alikaa Gordhan kinyozi, kisanduku cha bati mapajani, anatabasamu kwa kila aliyegeuka.

Madamu Sulochana alisoma majina ya walioshiriki. Kulikuwa na madaktari, maprofesa, wafadhili, aliyekodisha jenereta, na mtu aliyeleta maji. Kila jina Kajodmal alijiinua kidogo kitini, kisha akashuka. Walipofika kwa mtu wa maji na makofi ya mwisho, hakuinuka tena. Nyuma yake alisikia kisanduku cha bati kinafunguliwa.

Taa zikapungua. Samrat ikatokea kwenye skrini kubwa kama ukuta, ikageuka taratibu, kila jiwe mahali pake, na ukumbi ukasema “aaah” kwa pamoja. Yugal aliiongoza kwa kompyuta. Wakashuka kutoka kileleni, wakapita ngazi, wakafika chini.

“Simama hapo,” mgeni rasmi aliinua kidole. “Hicho chenye nguo nyekundu ni nini?”

Madamu Sulochana alitabasamu kwa heshima. “Hicho, mheshimiwa, ni kile kimungu cha kwenu cha mguuni mwa ukuta. Bheru mlinzi wa mahali. Vijana wangu wa Pune walipokiona, kina sharubu, kimevishwa shali nyekundu, wakajua mara moja. Hakuna aliyethubutu kukifuta. Mmoja alikuwa akianza kazi anawasha ubani mbele ya skrini.”

Yugal aligeuka kumtazama Madamu, kisha akaitazama tena ile shali nyekundu.

Mgeni rasmi, kwa kuwa waandishi walikuwa wanapiga picha, alisimama, akaunganisha viganja, akainama mbele ya skrini. Mgeni rasmi akiinama, nani atabaki ameketi? Ukumbi mzima ukasimama, ukaunganisha viganja. Ramavtar aliinama. Gordhan aliinama na wembe katikati ya viganja. Kajodmal Saini aliinama kuliko wote, akafumba macho, akajiomba mwenyewe bila kujua: “Ee Bheru baba, sijawahi kukuona pale, najua ni kosa langu, nitakuletea laddu tamu. Okoa sharubu zangu.”

Dhapu naye alikuwa ameinama, mtandio umeshuka hadi puani. Aliinua ukingo wake kidogo amtazame vizuri mungu huyo, maana na yeye alikuwa na ombi. Alianzia chini, kama inavyotakiwa, miguuni.

“We!” alisema, kwa sauti. “Mbona mungu amevaa soksi yangu?”

Watu wakageuka.

“Soksi ile! Ya kijivu! Uzi wa kijani pale kwenye kidole gumba nimeshona mimi! Huyo si Bheru. Huyo ni Baba Manju!”

“Dada, kaa chini,” Ramavtar alisema huku amebana meno. “Baba Manju ni wengi Jaipur hii. Mtaani kwangu tu wako wanne.”

“Huyu wa kwangu!”

“Wa kwako nani? Mtaje. Sema jina lake, jamaa wasikie, halafu tutaamini.”

Ulikuwa mchezo mchafu, na Ramavtar alijua. Shangazi mmoja akasema “Ramavtar!” kwa kukemea. Dhapu alisimama pale. Alikohoa. Akakohoa tena. Alitafuta ndoo ya taka kwa macho. Ukumbi ulikuwa umefagiwa. Halafu alimtazama mumewe, aliyesimama na viganja bado vimeungana, na zile sharubu juu ya mdomo uliokauka.

“Kajodmal!” alisema.

Akavuta pumzi. Kumbe la pili ni jepesi.

“Kajodmal Saini! Huyo pale amelala na kiti chake! Kajodmal!”

Kajodmal alikaa chini kwa kishindo. Kwamba yuko kwenye skrini, mkubwa kama basi, na watu wamemwabudu, hilo hakulisikia vizuri. Alikuwa bado kwenye jina.

“Ni kweli,” Yugal alisema, rangi imemtoka. “Madamu, ni yule mlinzi. Siku zote alikuwa pale pale. Hakusogea… kompyuta imemchukua kama jiwe.”

Ukumbi ulilipuka. Ukoo wa Dhapu ulipanda juu ya viti. Mtu alipiga filimbi. Madamu Sulochana alivua miwani, akaivaa, akaivua.

“Naomba radhi kwa wote,” alisema. “Hiki ni chombo cha kisayansi, hakiwezi kuwa na mzee aliyelala. Yugal, mfute. Sasa hivi, kila mahali.”

“Madamu,” mgeni rasmi alinong'ona, kwa bahati mbaya karibu na kipaza sauti, “mimi nimeshainama. Nimepigwa picha. Ukimfuta, mimi nimeinamia nini?”

“Mfute, Yugal.”

“Mmesikia?” Ramavtar aliruka, mikono juu. “Akifutwa hayumo! Ahadi ni ahadi. Gordhan!”

Gordhan alikwisha fika. Huyo ni mtu wa kazi. Kabla Kajodmal hajafunga mdomo, brashi ilikuwa imepita, povu jeupe limefunika sharubu ya kushoto na pua kidogo. Yugal aliweka kidole juu ya kitufe. Gordhan alifungua wembe.

“Sawa,” alisema Dhapu, ambaye sasa alikuwa ameonja kusema mbele za watu na akaona kutamu. “Wafute. Na vile visanamu vilivyojaza stoo yako mpaka darini, Ramavtar, navyo utavifuta kwa kitu gani? Kwa kifutio?”

Ramavtar alibaki na mikono juu.

Ungeweza kumwona akiwaza. Macho yalikwenda kushoto, yakaenda kulia, yakapanda darini. Visanamu vyote vile, kila kimoja na kijinundu chake mguuni. Vikiwa makosa, ni takataka. Vikiwa vya mlinzi maarufu aliyeabudiwa na mgeni rasmi mbele ya waandishi wa habari, kesho foleni itafika kwenye geti la Tripolia.

“Yugal, mwanangu,” alisema kwa sauti laini ambayo ukoo ulikuwa haujawahi kuisikia, “hebu toa hicho kidole hapo.”

“Lakini Madamu…”

“Toa kidole! Huyo ni shemeji yangu! Mume wa dada yangu wa pekee! Unataka kumfuta mzee wa watu, ameikalia saa hii ujana wake wote? Hamna utu huko Pune?”

Mgeni rasmi alidaka hapo hapo, akasema na yeye anaona hivyo, kwamba mlinzi ni sehemu ya mahali, na kwamba aliinama kwa makusudi kuheshimu wafanyakazi wa ngazi ya chini. Makofi. Madamu Sulochana aliangalia ukumbi, akaangalia saa yake ya mkononi, akaamua: wasomi watapewa Samrat tupu, na raia watabakishiwa hii. Yugal aliondoa kidole.

Kajodmal aliinuka polepole. Povu lilikuwa linamdondokea kwenye vifungo vya shaba.

“Shemeji,” alisema. “Nimo?”

“Umo, shemeji, umo! Nani kasema humo?”

“Gordhan,” alisema Kajodmal, “umesikia.”

“Mimi nimefunga duka toka asubuhi,” Gordhan alikubali akigeuza wembe upande wa Ramavtar. “Lazima mtu anyolewe.”

Sharubu za Ramavtar ziliisha kwa mpigo mmoja na nusu. Shangazi alisema sasa amefanana na mama yao.

Tangu hapo maisha ya Kajodmal yameharibika kidogo. Watalii wanakuja na kisanamu mkononi, wanakilinganisha na yeye, na wanataka akae pale pale penye kijinundu, si hatua mbele si hatua nyuma. Kivuli kinamwacha, jua linampanda kichwani, na hawezi kuhama mpaka wapige picha. Vile vile analazimika kuvaa soksi ile ile. Dhapu ameishona mara mbili zaidi, na sasa uzi wa kijani ni mwingi kuliko soksi.

Siku moja, akila roti za mtama na chatne ya vitunguu saumu, alijifanya amekumbuka kitu.

“Lile neno ulilosema siku ile ukumbini.”

“Neno gani?”

“Lile. Jina.”

“Mimi sikusema jina lolote.”

“Ulisema mara tatu!”

“Kula, Baba Manju. Chatne inakauka.”

Alikula. Lakini alipokuwa akitoka, amefika mlangoni, alisikia mtu amekohoa jikoni, kikohozi cha miaka ile ya mwanzo, na alitembea mpaka kazini akisokota sharubu pande zote mbili.

Dukani kwa Ramavtar, ambaye anajaribu kuotesha tena ule mstari wake, visanamu vimepangwa kwenye rafu mbili. Samrat tupu ni rupia mia mbili. Yenye Kajodmal ni rupia mia tatu na hamsini.